Tairi likipasuka safarini: Okoa maisha kwanza, gari baadaye

MLIO mkubwa unasikika, usukani unavuta upande mmoja na gari zima linaanza kutetemeka. Dereva ambaye punde tu alikuwa akizungumza na abiria wake kuhusu bei ya maembe ya Makueni sasa ana sekunde chache za kuamua hatima ya wote waliomo garini.

Kupasuka kwa tairi ni tukio la kawaida katika barabara kuu za Kenya. Msafiri wa Mombasa hawezi kupita Mtito Andei, Voi na Mariakani bila kuona vipande vya mpira vilivyotapakaa kando ya lami, ushahidi wa madereva waliotangulia kukumbwa na masaibu hayo.

Hata hivyo, mara nyingi si tairi lenyewe linaloleta maafa. Yanayofuata ndiyo huua: breki zinazokanyagwa kwa pupa, gari linaloegeshwa kwenye kona, abiria wanaosimama juu ya lami wakimtazama dereva akihangaika na jeki, au lori linalotokea gizani bila dereva wake kujua kuwa kuna gari lililokwama mbele.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 4,000 walifariki barabarani kila mwaka kati ya 2021 na 2024. Wanaotembea kwa miguu ndio huongoza katika orodha hiyo. Dereva anaposhuka garini kubadilisha gurudumu, naye huwa amejiunga na kundi hilo lisilo na ngao ya chuma wala mshipi wa usalama.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini hao hao walinena kuwa tahadhari ni kabla ya hatari, na katika suala la tairi usemi huu wa pili ndio unaofaa kuzingatiwa.

SEKUNDE ZA KWANZA

Silika ya dereva wengi tairi linapopasuka ni kukanyaga breki kwa nguvu zote. Hili ndilo kosa kubwa zaidi. Gari ambalo tayari limepoteza usawa hulemewa zaidi upande wa tairi bovu, likayumba, likageuka au hata kubingiria.

Dereva anafaa kushika usukani kwa mikono miwili, auelekeze mbele na kulidhibiti gari libaki katika njia yake. Mguu uondolewe kwenye kichapuzi polepole, wala si ghafla, ili mwendo upungue wenyewe. Breki zikanyagwe taratibu wakati gari limeshapunguza kasi na limetulia mikononi mwa dereva.

Tairi la mbele likipasuka, dereva huhisi usukani ukivutwa kwa nguvu kuelekea upande ulioathirika. Likiwa ni la nyuma, usukani huenda usivutwe sana, lakini kiti hutetemeka na sehemu ya nyuma ya gari huyumba kama inayotaka kuipita ya mbele. Tiba ni ile ile kwa yote mawili: usukani uliotulia na breki zilizosubiri.

Kasi ndiyo huamua ukubwa wa mtihani wenyewe. Gari linaloenda kilomita 100 kwa saa husafiri takriban mita 28 kwa kila sekunde moja. Dereva aliyepigwa na butwaa kwa sekunde mbili tu huwa ameshapita masafa yanayozidi nusu ya uwanja wa kandanda.

Si kila tairi hupasuka kwa kishindo. Mengi huishiwa na upepo taratibu baada ya kuchomwa na msumari au kugonga shimo. Dalili zake ni usukani kuwa mzito, gari kuelemea upande mmoja na sauti ya kupigapiga chini. Dereva anayeongeza sauti ya redio ili asisikie kelele hizo huwa anaahirisha tatizo dogo likue kubwa.

MAHALI PA KUSIMAMA

Baada ya gari kudhibitiwa, uamuzi unaofuata ni wapi litasimama. Hapa ndipo madereva wengi huponzwa na ubahili. Wakihofia kuharibu ringi, husimama pale pale tairi lilipoishia, hata kama ni katikati ya njia.

Ringi hununuliwa, uhai haununuliwi. Ni heri gari litambae kwa mwendo wa konokono kwa mita 200 au 300 huku taa za tahadhari zikiwaka, hadi lifike mahali palipo wazi, tambarare na pagumu, nje kabisa ya lami. Udongo laini au mchanga haufai kwa kuwa jeki huzama na gari likaanguka.

Mahali pa kuepukwa ni kwenye kona, daraja, mteremko na penye kilele cha mwinuko. Anayekuja kutoka upande wa pili wa kilele hawezi kuliona gari lililosimama hadi awe amelikaribia mno. Barabara ya Nakuru kuelekea Timboroa, yenye miteremko na malori mengi, haimsamehi anayesahau jambo hili.

Kadhalika, dereva anafaa kukumbuka kuwa nchini Kenya magari hupita upande wa kushoto. Iwapo gurudumu bovu ni la kulia, yeye ndiye atakayekuwa amechutama akiwa ameyapa mgongo magari yanayopita kwa kasi. Katika hali hiyo gari lisogezwe mbali zaidi na lami, na ikiwa hakuna nafasi, ni bora kazi hiyo isifanyiwe hapo.

Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni mfano wa mahali ambapo ujasiri wa kubadilisha gurudumu unaweza kumponza mtu. Sehemu zake ndefu zimeinuliwa juu ya nguzo, na anayeshuka garini hana ardhi ya kukimbilia. Dereva anayeweza kutambaa hadi kwenye njia ya kutokea na afanye hivyo. Asiyeweza aombe usaidizi.

ABIRIA KWANZA

Gari likishasimama, abiria washuke kupitia milango ya kushoto, mbali na magari yanayopita. Watoto washikwe mikono tangu wanaposhuka. Mlango wa kulia ufunguliwe tu baada ya dereva kutazama kioo na kuhakikisha hakuna gari linalokuja.

Kusimama mbele au nyuma ya gari lililokwama ni hatari. Likigongwa kutoka nyuma, gari hilo husukumwa mbele na kumkumba yeyote aliye mbele yake. Abiria wasogee hatua nyingi kutoka barabarani, na panapo vyuma vya kinga wasimame nyuma yake.

Mkasa wa Juni 30, 2023 katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, haukutokana na gari lililokwama, lakini uliwafunza Wakenya jinsi ukingo wa barabara usivyo mahali pa kupigia soga. Lori lililokuwa limebeba kontena lilipoteza mwelekeo likawagonga wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa kando ya barabara. Watu 52 walifariki.

Iwapo hakuna mahali pa kusimama penye usalama nje ya gari, abiria wabaki ndani wakiwa wamefunga mishipi huku taa za tahadhari zikiwaka, na simu ya kuomba usaidizi ipigwe mara moja.

PEMBETATU, SI MATAWI

Kila gari linatakiwa kubeba pembetatu za kuonya zinazoakisi mwanga. Chini ya kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, gari lisilo na viakisi au ishara za kuonya linaweza kumgharimu mwenyewe faini ya Sh3,000. Kuacha gari mahali linapozuia magari mengine kuna faini ya Sh10,000.

Lakini hofu ya polisi haifai kuwa sababu ya kuzibeba. Lori linaloenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde. Pembetatu iliyowekwa mita 10 nyuma ya gari humpa dereva wa lori hilo chini ya nusu sekunde, muda usiotosha hata kuinua mguu. Ikiwekwa mita 100, anapata takriban sekunde nne na nusu za kupunguza mwendo na kupisha.

Kwa hivyo, katika barabara kuu pembetatu ya nyuma isipungue umbali wa mita 50, na ikiwezekana ifike mita 100. Hatua 65 hivi za mtu mzima ni kama mita 50. Penye kona au kilele, iwekwe kabla ya kona au kilele chenyewe, sio baada yake. Barabara isiyotenganishwa katikati huhitaji pembetatu ya pili upande wa mbele.

Anayeipeleka pembetatu atembee nje ya lami akiyatazama magari yanayokuja, huku ameishika mbele ya mwili wake ili imwakisie mwanga. Jaketi inayoakisi mwanga, ambayo wahudumu wengi wa bodaboda huvaa kila siku, inafaa kuwa katika kila buti la gari.

Desturi ya kutandaza matawi na mawe barabarani ilienea kwa sababu malori mengi hayakuwa na pembetatu. Matawi yanaweza kumwonya dereva mchana, ila hayaakisi mwanga usiku. Mawe nayo ni balaa: lori hutengenezwa na kuondoka, mawe yakabaki. Mwendeshaji pikipiki anayeyagonga saa nne usiku hulipia pancha ya mtu asiyemjua.

KUBADILISHA GURUDUMU

Kazi yenyewe si ngumu ikifanywa kwa utaratibu. Breki ya mkono ivutwe, na gia iwekwe kwenye namba moja, au kwenye P kwa magari yasiyo na klachi. Jiwe au kipande cha mbao kiwekwe kuzuia gurudumu lililo upande wa pili, kwa mshazari na lile bovu.

Kabla ya kupiga jeki, nati zilegezwe kidogo wakati tairi lingali chini. Anayesubiri hadi gurudumu liwe hewani huishia kulizungusha bila nati kusonga, au kulisukuma gari likaanguka kutoka kwenye jeki. Nati huzungushwa kinyume na mwendo wa saa ili kulegea.

Jeki iwekwe mahali palipotengwa na waundaji wa gari, ambapo huonyeshwa kwenye kijitabu chake na aghalabu huwa na alama chini ya fremu, karibu na gurudumu. Ikiwekwa kwingineko inaweza kutoboa bati. Kwenye ardhi isiyo imara, kipande cha ubao mpana chini ya jeki husaidia.

Gurudumu la akiba lilazwe chini ya ubavu wa gari, karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia gurudumu hilo badala ya kumwangukia mtu. Mtu yeyote asiingize kichwa, mkono wala mguu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, na abiria wasiachwe ndani.

Baada ya kutoa gurudumu bovu, lisukumwe chini ya gari mahali pa lile la akiba. Nati za gurudumu jipya zianze kukazwa kwa mkono, upande uliochongoka ukielekea ndani, kisha kwa spana kiasi. Gari likishushwa ndipo zikazwe kwa nguvu zote, kwa kuvuka kutoka nati moja hadi ile inayoikabili, wala si kwa kufuatana kama mduara. Utaratibu huu hulifanya gurudumu likae sawasawa.

Safari ikiendelea, dereva asimame baada ya kilomita 50 hivi azikague nati hizo tena. Baadhi ya magari hubeba gurudumu la akiba lililo jembamba kuliko mengine. Hilo ni la kumfikisha mtu kwa fundi tu, na kwa kawaida huandikwa kwamba lisizidishiwe mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Kwa malori na mabasi, ushauri ni tofauti. Matairi yake hujazwa upepo wenye nguvu mara tatu au zaidi ya ule wa gari dogo, na ringi zenye pete ya kufungia zinaweza kuruka na kuua zikifunguliwa ovyo. Utingo asiye na vifaa wala ujuzi asilazimishwe kuzigusa. Kazi hiyo ni ya fundi.

USIKU NA USALAMA

Ushauri wa kusimama mara moja hugongana na hofu ya Wakenya wengi: majambazi. Yapo maeneo ambayo wahalifu wameripotiwa kuweka mawe au misumari barabarani ili kulazimisha magari kusimama. Wengine hupita kando ya gari wakionyesha kwa ishara kuwa tairi halina upepo, ilhali ni zima.

Dereva huhitajika kupima hatari mbili. Ikiwa gari linadhibitika na mahali panatiliwa shaka, kutambaa hadi kituo cha mafuta, kizuizi cha polisi au penye taa na watu ni busara hata kama tairi na ringi vitaharibika. Ikiwa gari haliwezi kuendelea, milango ifungwe, taa za tahadhari ziachwe zikiwaka na polisi wapigiwe kwa nambari 999 au 112. Aliyejeruhiwa aombewe msaada wa Shirika la Msalaba Mwekundu kupitia 1199.

Anayepiga simu anafaa kujua alipo. Kusema "niko Mombasa Road" hakumsaidii mwokoaji, kwa kuwa barabara hiyo ina urefu wa takriban kilomita 480. Dereva makini hukumbuka kituo cha mwisho alichopita na upande anaoelekea.

KINGA NI BORA

Matairi mengi yanayopasuka barabarani yalianza kuonyesha dalili nyumbani. Upepo pungufu ndio adui mkuu. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja kila linapozunguka, likapata joto jingi, na joto hilo huulegeza mpira na nyuzi zilizomo ndani. Ukiongeza mzigo kupita kiasi, kasi na jua la adhuhuri la Taru, kinachobaki ni kungoja mlio.

Kipimo sahihi cha upepo kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo huhitaji kati ya 30 na 35 katika kipimo cha PSI. Kipimo kichukuliwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwani yakipata moto upepo hutanuka na kudanganya.

Umri pia ni jambo la kuzingatiwa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilipotengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri ilhali mpira wake umezeeka na kupasuka nyufa ndogondogo. Wanaonunua matairi yaliyotumika wasome tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa.

Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo vilivyowekwa na watengenezaji. Meno yakiisha hadi kulingana na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6 na tairi limefika ukingoni. Katika mvua, tairi la aina hiyo huteleza juu ya maji kama mtumbwi.

Fundi wa pancha naye asiombwe miujiza. Tundu la msumari katikati ya sehemu inayokanyaga barabara huzibika vyema. Lakini tundu, uvimbe au mpasuko ubavuni hauna tiba ya kuaminika, kwa kuwa sehemu hiyo hujikunja kila mara. Tairi lenye uvimbe ni la kutupwa, hata kama fundi ameahidi litafika Mombasa.

Mwisho, gurudumu la akiba hukumbukwa siku ya msiba pekee. Wengi hufungua buti wakalikuta nalo halina upepo, au jeki ilishaazimwa na jirani tangu Krismasi. Ukaguzi wa dakika 10 kabla ya safari unatosha: magurudumu matano, jeki, spana, pembetatu, tochi na jaketi.

Matayarisho hayo hayamhakikishii mtu kuwa tairi halitapasuka. Yanachofanya ni kuhakikisha kuwa likipasuka, safari itachelewa kwa nusu saa tu, na wale wanaongoja nyumbani watapokea simu ya kuambiwa chakula kihifadhiwe, wala si habari nyingine.